Sura ya Tano: Mstari Mmoja wa Daftari

Katika fikra za watu wengi wa Afrika Mashariki, elimu ya afya huanzia kwa daktari na kuishia kwa muuguzi, mfamasia na mtaalamu wa maabara, na kwa sababu hiyo kijana aliyemaliza kidato cha sita bila alama za kumfikisha kwenye udaktari huhesabiwa, na mara nyingi hujihesabu mwenyewe, kuwa milango ya afya imeshafungwa. Fikra hiyo huwanyima vijana nafasi, na huinyima sekta ya afya watu inaowahitaji sana. Mgonjwa hapati nafuu kwa dawa peke yake. Hupata nafuu pale dawa inapokuwapo siku aliyofika, pale yeye mwenyewe anapoamua kufika mapema na kuendelea na matibabu, na pale taarifa zake zinapomfuata kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa bila kupotea njiani. Mambo hayo matatu ndiyo yanayosomewa, kila moja kwa njia yake, katika uongozi wa huduma za afya, saikolojia na afya dijitali.

Uongozi wa huduma za afya, ambao vyuo vingine huuita usimamizi wa mifumo ya afya, ni taaluma ya kupanga watu, fedha, dawa, majengo na muda ili huduma imfikie anayeihitaji. Saikolojia ni sayansi inayochunguza akili na tabia za watu: jinsi wanavyofikiri, wanavyohisi, wanavyoamua na wanavyohusiana. Afya dijitali ni matumizi ya kompyuta, simu na mitandao katika kukusanya, kutunza, kusafirisha na kutumia taarifa za afya. Sura hii inazitazama taaluma hizo kwa pamoja, kwa hoja kwamba zote tatu zinashughulikia jambo moja kwa maswali tofauti, na kwamba anayechagua mojawapo anapaswa kuijua kazi iliyo nyuma ya jina la shahada, kisha ajifunze pia kuuliza maswali ya wenzake wawili.

Mstari wenyewe

Katika kliniki ya baba, mama na mtoto ya zahanati yoyote ya Tanzania, juu ya meza ya muuguzi kuna daftari kubwa la kurasa pana lenye safu nyingi. Daftari hilo ni mojawapo ya vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanza kutumika nchini katika miaka ya 1990. Kila mjamzito hupewa mstari wake mmoja, na katika mstari huo huandikwa jina, kijiji, umri, idadi ya mimba alizowahi kubeba, umri wa mimba kwa wiki, wingi wa damu, shinikizo la damu, majibu ya vipimo vya Virusi vya Ukimwi na kaswende, chanjo ya pepopunda, dawa ya kuzuia malaria, vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya marudio. Mwezi unapokwisha, muuguzi huyohuyo hupitia kurasa zote na kujumlisha kwa vijistari, minne ya wima na wa tano ukiikata, mpaka kila safu ipate idadi yake, na idadi hizo huhamishiwa kwenye fomu ya taarifa inayopelekwa wilayani.

Uchukuliwe mfano wa mstari ambao safu ya umri wa mimba inasomeka wiki 26, na safu ya vidonge vya kuongeza damu imeachwa wazi. Daktari akiutazama ataona mama aliye katika hatari ya kupungukiwa damu na atajua cha kumfanyia siku hiyo. Hata hivyo, mstari huo una maswali matatu yasiyojibika katika chumba cha daktari. La kwanza ni kwa nini vidonge havikutolewa. La pili ni kwa nini mama amefika wiki ya 26 ilhali mwongozo unamtaka afike kabla ya wiki ya 12. Na la tatu ni mstari huo unakwenda wapi baada ya kuandikwa, na nani atauona kwa wakati wa kufaa. Swali la pili si la mama mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba ni wanawake 24 tu katika kila 100 waliohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo ya mimba.

Safu iliyoachwa wazi: uongozi wa huduma za afya

Vidonge vinavyokosekana zahanati vina safari ndefu nyuma yake. Pengine mahitaji ya robo mwaka yalikadiriwa chini, pengine oda ilichelewa kufika Bohari ya Dawa, pengine fedha za kituo zilikuwapo lakini kikao cha kamati hakikufanyika, au pengine vidonge vilikuwa kabatini na mtumishi mwenye ufunguo alikuwa semina. Katika kila hali kati ya hizo kuna uamuzi ambao mtu fulani aliufanya au hakuufanya, na kazi ya kiongozi wa huduma za afya ni kujua uamuzi huo uko wapi, uko mikononi mwa nani, na unasahihishwaje kabla robo mwaka nyingine haijapita.

Kwamba uamuzi wa namna hiyo huokoa maisha halina ubishi, na ushahidi mmojawapo mkubwa umetoka Tanzania yenyewe. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada ilianzisha mradi uliojulikana kwa kifupi cha TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, zilizokuwa na wakazi takriban 700,000 kwa pamoja. Mradi haukujenga hospitali mpya wala kuleta dawa mpya. Uliuliza swali moja: ikiwa timu ya afya ya wilaya itapewa taarifa sahihi za magonjwa yanayowaua watu wake, uhuru wa kupanga bajeti kwa kufuata taarifa hizo na nyongeza ndogo ya fedha, je, vifo vitapungua?

Taarifa zilipatikana kwa kufuatilia kaya nyumba kwa nyumba, ambapo wakusanyaji waliandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki, na palipotokea msiba walirudi kuzungumza na wafiwa juu ya dalili alizokuwa nazo marehemu, kwa kuwa watu wengi walifia majumbani na vifo vyao havikuonekana katika daftari lolote la hospitali. Hesabu zilipofanywa, sura ya wilaya ilibadilika machoni pa viongozi wake. Mwaka 1996 huko Morogoro malaria ilichangia takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, kipimo kinachozingatia kwamba kifo cha mtoto wa miaka miwili huondoa miaka mingi zaidi kuliko kifo cha mzee wa miaka 70, lakini ugonjwa huo ulikuwa umetengewa asilimia 5 tu ya bajeti. Timu za wilaya zilipanga upya: vyandarua vyenye dawa vilipewa uzito, watumishi walifundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya dalili moja moja, na usimamizi wa zahanati za mbali uliimarishwa. Nyongeza ya fedha iliyotumika ilikuwa chini ya dola moja ya Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika kipindi cha takriban miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40, na ingawa upungufu huo ulichangiwa na mambo zaidi ya moja, upangaji mpya ulikuwa kiini chake.

Mwanafunzi anayesomea taaluma hii hukutana darasani na vipande vya kazi hiyohiyo: uchumi wa afya, uhasibu, usimamizi wa watumishi, ugavi wa dawa, sera na sheria, takwimu, na epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa katika jamii na sababu zake. Nchini Tanzania chuo kinachotajwa kwanza ni Chuo Kikuu Mzumbe, kilichoko nje kidogo ya mji wa Morogoro, ambacho kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972 na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001. Asili hiyo inaeleza kwa nini shahada yake ya usimamizi wa mifumo ya afya ina harufu ya utawala wa halmashauri kuliko ya wodi, jambo ambalo ni nguvu kwa anayetaka kufanya kazi wilayani. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta hutoa shahada ya kwanza ya uongozi wa huduma za afya, na Strathmore ya Nairobi hutoa shahada ya uzamili ya biashara inayoelekezwa kwenye huduma za afya. Uganda, Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kilichoko Nkozi kimejenga jina lake katika shahada ya uzamili ya fani hii, ambayo huwavutia madaktari na wauguzi waliokwisha kukabidhiwa vituo.

Katika utumishi wa umma wa Tanzania, mhitimu wa fani hii huweza kuajiriwa kama Katibu wa Afya, cheo ambacho wananchi wengi hawakijui ingawa mwenye cheo hicho hushughulikia shughuli za kila siku za uendeshaji wa hospitali. Huketi pia na Mganga Mkuu wa Wilaya na wenzake katika kuandaa mpango kabambe wa afya wa halmashauri, waraka unaoamua fedha za mwaka mzima zitakwenda wapi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, serikali ilipoanza kupeleka sehemu ya fedha moja kwa moja katika akaunti za vituo, haja ya watu wenye ujuzi huu imeshuka hadi ngazi ya zahanati, ambako tabibu aliyefundishwa kutibu anajikuta akiandika mpango, akiitisha zabuni na kufunga hesabu. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, haja hiyo iliongezeka tena, kwa sababu mfumo wa bima hauwezi kusimama bila watu wanaojua kupima gharama, kuhakiki madai na kulinda fungu la wachangiaji.

Wiki ya 26: saikolojia

Mama aliyechelewa kufika kliniki hakuchelewa kwa ujinga, na anayedhani hivyo atapoteza muda mwingi kubandika mabango. Huenda aliificha mimba kwa kuogopa husda mpaka itakapojionyesha yenyewe. Huenda aliambiwa aje na mumewe, naye mume yuko mbali au hataki kupimwa. Huenda ni msichana aliyekuwa shuleni. Huenda katika mimba iliyopita alitolewa maneno makali mbele ya wenzake na akaapa kutorudi mpaka alazimike. Kila sababu ina dawa yake, na hakuna inayopatikana katika bohari. Hapa ndipo inapoanzia saikolojia ya afya, tawi linalochunguza jinsi imani, hofu, mazoea na mahusiano yanavyoamua kama mtu atatafuta huduma, atafuata matibabu au ataacha.

Mfano ulio wazi ni degedege. Kwa miaka mingi katika sehemu kubwa ya pwani na mashariki ya Tanzania, mtoto aliyekakamaa mwili na kugeuza macho kwa homa kali ya malaria alichukuliwa kuwa na ugonjwa mwingine kabisa, wenye asili ya kishetani, na wazazi wengi waliamini kwamba sindano ingemuua, hivyo walimpeleka kwanza kwa mganga wa jadi. Homa ya kawaida ilipelekwa zahanati, lakini dalili zilipokuwa mbaya zaidi, ndipo mtoto alipoondolewa kwenye njia ya hospitali. Kiongozi angeweza kujaza kabati dawa za malaria na bado watoto hao wasifikiwe, mpaka pale watafiti waliposikiliza maelezo ya wazazi, wakatambua kwamba tatizo lilikuwa katika jina la ugonjwa na maana iliyobebwa na jina hilo.

Saikolojia hushughulikia pia maumivu ya akili yenyewe, ambayo lugha ya Kiswahili huyaeleza kwa njia yake. Mtu aliye na sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu inayomwondolea hamu ya maisha, kwa kawaida hasemi ana sonona. Husema ana mawazo mengi, moyo umekuwa mzito, halali, au kichwa na mwili vinamuuma bila sababu kuonekana. Dodoso linalotumika sana duniani kuitambua hali hiyo, linaloitwa PHQ-9, lina maswali 9 juu ya majuma mawili yaliyopita: kama mtu amekosa hamu ya kufanya mambo, amekuwa na huzuni, amepoteza usingizi, amechoka, amebadilika katika kula, amejiona hana thamani, ameshindwa kutuliza fikra, mwendo wake umebadilika, na kama amewahi kuona ni afadhali afe. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Swali la mwisho ndilo linalomtofautisha aliyefundishwa na asiyefundishwa, kwa sababu kuliuliza kwa haraka, huku macho yakiwa kwenye fomu, ni kumfundisha mgonjwa ajibu hapana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya akili ndiyo yanayofichwa kuliko yote.

Zimbabwe imetoa funzo ambalo kila mwanafunzi wa saikolojia barani Afrika anapaswa kulijua. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, akiwa katika mtaa wa Mbare jijini Harare na bila fungu la kuajiri wataalamu, aliwafundisha bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu mwenye kile ambacho Washona hukiita *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi, na kumsaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, dalili za sonona zilibaki kwa takriban watu 14 katika kila 100 waliopitia benchi hilo, ikilinganishwa na 50 katika kila 100 waliopata huduma ya kawaida. Mafanikio hayo yalitokana na kuanza na neno ambalo watu wenyewe walilitumia, na kulijengea mafunzo, vipimo na usimamizi.

Anayetaka kusomea saikolojia anapaswa kutofautisha majina yanayochanganywa kila siku. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari aliyemaliza udaktari kisha akabobea, naye ndiye mwenye mamlaka ya kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hutathmini na kutibu kwa mazungumzo na mbinu za kubadili fikra na tabia, na kwa kawaida huwa na shahada ya uzamili. Mnasihi, ambaye wengi humjua kama mtoa ushauri nasaha kutokana na huduma za Ukimwi, humsaidia mtu kupita katika uamuzi au kipindi kigumu. Shahada ya kwanza ya saikolojia peke yake ni msingi, na haimfanyi mhitimu kuwa mtabibu. Nchini Tanzania Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vimefundisha saikolojia kwa mkondo wa elimu, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha saikolojia tiba katika ngazi ya uzamili. Kenya ina vyuo vingi zaidi katika fani hii, vikiwamo Chuo Kikuu cha Nairobi, USIU-Africa na Daystar, na tangu mwaka 2014 ina sheria inayosimamia wanasihi na wanasaikolojia. Makerere ya Uganda ina shule kamili ya saikolojia. Na Rwanda ilijenga mafunzo ya saikolojia tiba baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, taifa lilipokuwa na majeraha ambayo upasuaji haukuweza kuyafikia.

Mstari unaposafiri: afya dijitali

Mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ya umma ni mali ya namna hiyo. Lakini daftari lililofungwa kabatini halina tofauti kubwa na daftari lisiloandikwa, na ndiyo maana swali la tatu juu ya mstari wa yule mama ni safari yake. Kwa muda mrefu fomu za mwezi zilibebwa kwa basi au pikipiki hadi wilayani, zikarundikwa, zikajumlishwa kwa mkono, na zilipofika wizarani mwaka ulikuwa umekwisha. Mabadiliko ya hali hiyo yana historia ambayo Waafrika wameiandika wenyewe kwa sehemu kubwa. Mwaka 1994, Afrika Kusini ilipotoka katika utawala wa ubaguzi, watafiti na wanaharakati wa afya mjini Cape Town, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, walianza kutengeneza mfumo wa taarifa za afya wa ngazi ya wilaya, kwa lengo la kuonyesha ni nani alikuwa akinyimwa huduma. Mfumo huo ulizaa DHIS2, programu huria, yaani isiyolipiwa leseni na inayoweza kurekebishwa na anayeitumia. Kenya iliisimika kitaifa mwaka 2011, na Tanzania, ambako wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakiifanyia kazi kwa miaka mingi, iliisambaza katika wilaya zake katika miaka ya mwanzo ya muongo huohuo.

Upande wa kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja, Afrika Mashariki ilitangulia pia. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mafunzo yaliyopatikana katika kituo hicho cha kijijini yaliingia katika OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004 na ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa afya dijitali hasomi kompyuta tu. Husoma hifadhidata, yaani namna ya kupanga taarifa ili zitafutike na zisijirudie, viwango vya kuwezesha mifumo miwili kuelewana, ili vipimo vya maabara visomeke wodini bila kunakiliwa upya, takwimu, usalama wa taarifa, na mtiririko wa kazi katika kituo. Somo la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi na ndilo linaloua mifumo mingi. Muuguzi anayelazimika kuandika mstari uleule katika daftari, kisha katika kishikwambi, kisha katika fomu ya mfadhili, ataandika mara moja kwa makini na mara mbili kwa haraka, na makosa hayo yatageuka kuwa ramani nzuri ya rangi wizarani.

Ujumbe wa simu nao umeonyesha jinsi taaluma hizi zinavyohitajiana. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2012, iliwatumia wajawazito na familia zao ujumbe mfupi wa bure kulingana na umri wa mimba. Kuutuma ujumbe kwa wakati ni kazi ya mfumo. Kuuandika kwa maneno yatakayomfanya mama atoke nyumbani ni kazi ya anayeelewa tabia. Na kuhakikisha kwamba akifika atakuta vidonge ni kazi ya kiongozi. Kadhalika huduma ya m-mama, iliyozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humwezesha mjamzito aliye katika dharura kupata usafiri kwa kupiga namba 115 bila malipo, na programu yake haina thamani yoyote pasipo dereva wa kijijini anayeaminika na anayelipwa kwa wakati.

Vyuo vinavyofundisha fani hii ni vichache lakini vinaongezeka. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimekuwa na shahada ya kwanza ya mifumo ya taarifa za afya katika ndaki yake ya TEHAMA. Kenyatta hufundisha usimamizi wa kumbukumbu na taarifa za afya. Na Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha uhandisi wa vifaa tiba na afya ya mtandao. Kwa asiye na sifa za shahada, mafunzo ya kumbukumbu za afya katika ngazi za cheti na stashahada, kama yale ya KMTC nchini Kenya, ni ngazi halali ya kupandia. Fani hii imebeba pia wajibu mzito wa kisheria, kwa kuwa Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022 na Kenya ikatunga Sheria ya Afya Dijitali mwaka 2023. Jibu la kipimo cha Virusi vya Ukimwi likivuja kutoka katika daftari, litajulikana kijijini. Likivuja kutoka katika mfumo, litajulikana popote, na halirudishwi tena.

Namna ya kuchagua

Uchaguzi mwema huanza na swali linalomkera mtu. Anayekerwa na foleni isiyosogea, fedha zisizotumika na kabati tupu ana moyo wa uongozi. Anayekerwa na mtu anayejua lililo jema na bado halifanyi, au anayeumia bila kusema, ana moyo wa saikolojia. Anayekerwa na taarifa zilizopo lakini hazionekani pale zinapohitajika ana moyo wa afya dijitali. Baada ya hapo yafuate maswali ya vitendo. Je, chuo na programu vina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania au ya chombo kama hicho katika nchi husika? Je, jina la shahada linatambuliwa katika miundo ya utumishi, au mhitimu atazunguka akieleza alichosoma? Je, mafunzo kwa vitendo hufanyika katika vituo halisi, kwa wiki ngapi, na chini ya usimamizi wa nani? Sifa za kujiunga hubadilika, hivyo mwongozo wa udahili wa mwaka husika ndio wa kufuatwa, na vigezo vya Bodi ya Mikopo vya mwaka huohuo visomwe pamoja nao.

Wazazi nao wana nafasi yao katika jambo hili. Mzazi anayemwambia mwanawe kwamba alikosa udaktari akaangukia kwingine humpa jeraha ambalo atalibeba darasani miaka mitatu, ilhali Rufiji na Morogoro zilipunguza vifo vya watoto kwa kalamu za wapangaji kama zilivyopunguza kwa mikono ya waganga. Na muuguzi au tabibu aliyeko kazini, mwenye miaka kumi ya kujaza daftari hilo, asidhani amepitwa na wakati. Shahada ya uzamili katika mojawapo ya fani hizi inamhitaji yeye kuliko inavyomhitaji kijana asiyewahi kukaa upande wa ndani wa meza.

Kwa mwombaji ambaye bado hajaamua, njia iliyo bora haina gharama. Kabla ya kujaza fomu, na aende katika zahanati iliyo karibu siku ya kliniki, aombe ruhusa kwa mganga mfawidhi, aketi kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi mama wa mwisho aondoke, na atazame kinachomsumbua yeye kuliko kinachowasumbua wengine. Akirudi nyumbani aandike swali lake moja, kisha achague shahada itakayomfundisha kulijibu.